Ottorino Brusegan, Bibi Wetu wa Siku ya Mwisho

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, ndugu yetu Ottorino Brusegan, fundi mkuu wa breki na, kila tarehe sita Januari, bibi kizee, anastaafu rasmi tarehe thelathini na moja mwezi huu. Bustani ya michezo ya Bosco Tondo inaondokewa na fundi mmoja na ajuza mmoja kwa mpigo, na ofisi ya utumishi imetangaza nafasi moja tu ya kazi. Wakubwa wana namna yao ya kuhesabu watu, na jarida hili halijawahi kuikubali.

Ottorino alikuja kwetu kutoka kijiji cha ng'ambo ya mto Piave kurekebisha uzio. Ilikuwa kazi ya wiki moja. Ni wiki hiyo bembea ya kuzunguka ya farasi wa mbao ilipowasili, imenunuliwa kwa watu wa maonyesho ya kutembea, farasi wake wamechubuka rangi na mhimili wake unalia hadi kusikika barabarani. Msimamizi wa wakati huo alimwona kijana wa uzio akiwa amelala chini ya farasi na kopo la grisi, bila kuagizwa na mtu. Alimuuliza anafanya nini. Ottorino akajibu, "Ninanyamazisha kitu hiki, maana sisikii nyundo yangu mwenyewe." Uzio ulimaliziwa na mtu mwingine.

Kutoka farasi alipanda hadi vigari vya kugongana, kutoka vigari hadi gurudumu kubwa, na kutoka gurudumu hadi reli ya juu, ambako breki zote zimepita mikononi mwake na hakuna mgeni aliyewahi kuumia. Hilo tunalisema bila mzaha, kwa sababu ndilo jambo moja ambalo yeye mwenyewe halifanyii mzaha. Yaliyobaki yote ni halali kwa kutaniwa, na kwa kuwa hii ni nafasi ya mwisho, tutaitumia.

Tuanze na masharubu. Kila tarehe tano Januari Ottorino hunyoa masharubu yake ili awe Befana, yule ajuza wa fagio anayewaletea watoto wema peremende na watukutu makaa. Masharubu huchukua mwezi mzima kurudi. Mke wake, Dirce, amezoea kusema, "Miezi kumi na moja nina mume. Januari nina wifi, na wifi mwenyewe haoshi vyombo."

Kisha kuna siku ya paroko. Umeme ulikatika, na Don Fausto akabaki juu kabisa ya gurudumu kubwa pamoja na watoto wa katekisimu. Ottorino alisimama chini, akaweka mikono mdomoni na kupaza sauti, "Padre, leo uko karibu na bosi wako kuliko sisi. Mwombe basi umeme." Umeme ulirudi papo hapo. Don Fausto anaihesabu kama neema. Ottorino anaihesabu kama swichi, lakini swichi yenyewe aliifikia dakika moja baada ya umeme kurudi, na hilo hajawahi kulikiri mbele ya paroko.

Sasa tuzungumzie siku yenyewe, siku ya sita Januari, ya mwisho ya msimu wetu wa sikukuu, maana hapo ndipo kazi ya mtu huyu ilipokuwa kubwa kuliko cheo chake.

Wapo wataalamu, na tumewahi kuwalipia chakula cha mchana, wanaotuambia kwamba bustani ya michezo ina siku nzuri na siku mbaya. Siku nzuri ni zile za katikati ya sikukuu, foleni inapozunguka hadi chooni na mtoto anasubiri saa nzima ili alie dakika tatu. Siku mbaya ni ya mwisho, wakati theluji ya plastiki imekuwa kijivu, nusu ya taa zimeshashushwa, na chupa za divai ya moto zimebaki na kidogo chini. Siku hiyo, wanasema wataalamu, hailipi. Sisi tunasema hawa ni watu ambao hawajawahi kuja hapa siku ya sita, na kama wamewahi, walikuja kuangalia mashine badala ya watu.

Nani huja siku ya mwisho? Muuguzi aliyekuwa zamu Krismasi yote. Mhudumu wa mgahawa aliyewapelekea wengine sahani usiku wa mwaka mpya. Dereva wa lori aliyefika nyumbani jana. Babu na bibi walioachiwa wajukuu kwa sababu wazazi wamesharudi kazini. Yaani huja wale ambao sikukuu za wengine zilijengwa juu ya migongo yao, na wanakuja na siku moja tu iliyobaki, wakitembea polepole, wakila pinza, keki nzito ya sikukuu, iliyofungwa kwenye karatasi, wakiangalia taa zilizobaki kana kwamba zote ziliwashwa kwa ajili yao. Mtu anayeiita hiyo siku mbaya na aje aiseme mbele ya geti.

Kwa ajili ya watu hawa Ottorino aliweka sheria, akaiweka bila kuomba ruhusa, na imedumu chini ya wakurugenzi wanne. Siku ya sita, mtoto aliyepanda farasi hashushwi muda ukiisha. Kama nyuma yake hakuna anayesubiri, anazunguka tena, na tena, hadi mwenyewe achoke au mama yake apate kizunguzungu kwa kumtazama. Lakini akitokea mtu mmoja tu kwenye ngazi, anashuka hapo hapo, bila kujadiliana. Kwa watoto wanaolia Ottorino ana maneno yaleyale kila mwaka: "Nyuma yako kuna mtu anasubiri." Tumewaona watoto wa miaka mitano wakikubali hoja hiyo kwa heshima ambayo bunge letu halina.

Na Befana? Befana alizaliwa kwa kosa. Huku kwetu kila kijiji huwasha moto wake mkesha wa sikukuu ya Epifania, tarehe tano, na kumchoma ajuza wa mabua juu yake, ili mwaka wa zamani uondoke naye. Bustani iliamua kuwa na moto wake pia, lakini jioni ya siku yenyewe, kwa kuwa mkesha hakuna mfanyakazi anayekubali kukosa moto wa kwao. Mwaka wa kwanza yaliwekwa magunia mawili stoo: moja la matambara ya kumvika ajuza wa mabua, na jingine la vazi zuri la mwigizaji aliyekodiwa kutoka Treviso awagawie watoto zawadi. Vijana wa stoo walichukua gunia lisilo lao. Mwigizaji alifika, akaona vazi lake likiwaka juu ya lundo la mabua, akageuza gari na kurudi kwao.

Watoto walikuwa wameshajipanga. Ottorino alijifunika turubai la farasi, akanyang'anya kitambaa cha kichwa kutoka jikoni, akabeba kikapu na kutokea nyuma ya moto, kupitia moshi, akiwa ameinama. Umati ulikodoa macho. Walikuwa wametoka kumwona ajuza akiteketea, na huyu hapa anakuja na peremende. Kisha mtoto mmoja akasema, kwa sauti ya kutoa taarifa tu, "Bibi hajaungua." Makofi yalifuata, na Ottorino aliamini kwamba makofi yale yalikuwa yake binafsi. Ugonjwa huo hajapona hadi leo.

Tangu hapo ndiyo desturi yetu. Ajuza wa mabua anaungua, ajuza wa kweli anatoka ndani ya moshi. Anajificha kwenye mfereji wa magogo, ambamo wageni huteleza majini kiangazi lakini majira ya baridi huwa mkavu, nyuma tu ya moto, na wakati ukifika anapanda na kutokea. Baada ya hapo Ottorino huvua kitambaa na kuutazama moshi kama wazee wa kwao, aubashirie mwaka. Rekodi yake hapa ni ya pekee. Mwaka aliosema tutajaa wageni, mvua ilinyesha hadi Juni. Mwaka aliosema tujihadhari, tulivunja rekodi ya wageni. Tulishazoea kumsikiliza kwa makini na kufanya kinyume.

Kitambaa kile cha jikoni kilikuwa cha Nives Tessarolo, mkuu wa kibanda cha peremende, ambaye hukaanga kwa mikono yake sukari nyeusi tunayoiita makaa ya Befana. Nives hakusahau. Kwa miaka yote hii amekuwa akimwambia Ottorino mbele ya watu, "Kitambaa ni changu, kikapu ni changu, makaa ni yangu. Chako ni pua tu." Naye Ottorino hujibu kwamba pua ndiyo kazi yenyewe.

Mwaka jana, mwezi wa Septemba, mkurugenzi mpya, Bwana Tancredi Solari, alituita. Jarida hili limewahi kumshambulia, na litamshambulia tena kuhusu mavazi ya majira ya baridi, lakini siku hiyo alisema jambo la haki kwa namna ya haki. Siku ya sita ina watu wachache, alisema, na anayeibeba anastaafu. "Nipeni Befana mwingine, nione kwa macho yangu jioni ya tarehe sita kwamba jambo hili linaweza kuendelea bila mzee huyu. Nikiona, tutaifungua na mwaka unaofuata. Nisipoona, kuanzia hapo msimu utafungwa siku ya mwaka mpya, basi." Kwa hiyo siku ya muuguzi na dereva wa lori ilikuwa imewekwa mikononi mwa Ottorino, na sharti lilikuwa moja tu: aiachilie.

Novemba nzima alifanya usaili karakanani. Alianza na Walter wa vigari vya kugongana, mtu mnene mwenye moyo mwema, ambaye alitembea vizuri lakini akacheka. "Ajuza hacheki kabla ya kutoa makaa," Ottorino alisema, akamfukuza. Akaja mwigizaji kutoka Padova, na uamuzi ukawa, "Huyu anatembea kama mtu anayesubiri kupigiwa makofi." Mafundi wawili walilazimika kutoka nje kuvuta hewa. Mwisho akamleta Severino, kaka yake wa damu, mwenye pua ileile ya ukoo kipimo kwa kipimo. Severino naye alikataliwa, kwa sababu pua yake, tuliambiwa, haina uzoefu.

Nives alipita akiwa na trei ya sukari, akasimama mlangoni.

"Otto, wewe hutafuti mrithi," alisema. "Unatafuta kioo."

Hawakusemeshana Majilio yote. Wafanyakazi wa pande mbili walibeba ujumbe kama wajumbe wa mataifa yaliyo vitani. "Mwambie bibi yule wa peremende kwamba jiko lake linavuja." "Mwambie bwana yule wa breki kwamba najua." Krismasi ikapita, mwaka mpya ukapita, na mrithi hakupatikana. Tarehe tano Ottorino alinyoa masharubu kama kawaida. Dirce anasema alijitazama kwenye kioo muda mrefu kuliko miaka mingine, na hakutania.

Siku ya sita ilikuwa ya baridi kavu. Walikuja watu kama wanavyokuja siku zote siku hiyo, si wengi, bila haraka. Msichana mmoja aliyevaa kofia nyekundu alizunguka juu ya farasi mweupe hadi babu yake akaketi kwenye ngazi na kumaliza gazeti. Jioni waliusogelea moto. Bwana Solari alisimama juu ya jukwaa la mbao, kola imepandishwa, akingoja kuona. Ajuza wa mabua alishika moto vizuri. Edda, fundi sauti wetu, aliwasha kipaza sauti kidogo kilichobanwa kwenye shali ya Ottorino, kama anavyofanya kila mwaka, ili kicheko cha Befana kisikike kwenye spika zote za bustani.

Hatukusikia kicheko.

"Wewe nani?" zilisema spika, kwa sauti ya Ottorino.

"Bibi yako," ilijibu sauti ya Nives.

Nives alikuwa ameshuka mferejini kabla yake, akiwa na vazi lake mwenyewe, aliloshona kwa matambara ya aproni. Kwa hiyo mferejini walikuwamo Befana wawili, bega kwa bega, moto mbele yao, na Ottorino kwa mshtuko alikuwa amekisahau kipaza sauti. Edda anasema hakukizima kwa sababu aliogopa kuharibu mitambo. Sisi tunaomfahamu Edda tunamheshimu zaidi kwa uongo huo.

"Toka mferejini, Nives."

"Toka wewe. Goti lako linalia kama bembea ya mwaka ule."

"Ni mara yangu ya mwisho. Niachie."

"Ndiyo maana nimekuja. Ukitoka wewe, watakupigia makofi, utalia, na sisi tutalia. Halafu mwakani geti litakuwa limefungwa. Yule bwana yuko juu pale anangoja kuona kama kuna mwingine."

"Ungeniambia."

"Ulikuwa hunisemeshi."

"Wewe ndiye uliyenyamaza."

"Nilinyamaza kwa sababu hukuniuliza. Umemuuliza wa Padova, umemuuliza Walter, umemuuliza hata Severino. Mimi naungua na sukari mlango wa pili kutoka kwako miaka yote hii, hukuniuliza."

Moto ulipasua bua moja. Kisha Ottorino akatoa hoja yake, na tunainukuu kwa ajili ya kumbukumbu za kudumu za bustani hii.

"Wewe ni mwanamke."

"Na Befana ni nani, Otto?"

Umati wote uliangua kicheko, paroko akiwemo. Wale wawili huko chini, ambako spika hazielekei, walikisikia na wakadhani mbwa ameingia uwanjani. Juu ya mabega ya babu yake, msichana wa kofia nyekundu hakucheka. Alikuwa akisikiliza.

Nives aliposema tena, aliongea kwa upole, na spika zilileta hata pumzi yake.

"Otto. Nyuma yako kuna mtu anasubiri."

Maneno hayo tuliyajua sote. Hiyo ilikuwa sheria ya Ottorino mwenyewe. Alikuwa amewashusha nayo watoto wa nusu ya mkoa, na hakuna hata mmoja aliyeruhusiwa kujadiliana.

"Shika kikapu," alisema hatimaye. "Mkono wa kushoto. Wa kulia ni wa fagio."

Nives alipanda kutoka mferejini na kuingia kwenye moshi. Ottorino alibaki chini, akichungulia ukingoni, na kwa kuwa alidhani anaongea peke yake, aliongea. Tulimwona ajuza mmoja akija, na tukamsikia mwingine akimwongoza kutoka ndani ya moto.

"Polepole. Inama zaidi. Fagio si mwiko, liegemee... Usiwatazame bado. Sasa simama. Waache wakuone wao kwanza." Kisha, baada ya kitambo, kwa sauti ya chini: "Hivyo. Hivyo hivyo, Nives."

Msichana wa kofia nyekundu alimwinamia babu yake. "Kuna bibi mwingine humo motoni."

"Yule ni wa mwaka jana," babu alisema. "Anamfundisha huyu."

Nives hakugeuka. Bila shaka alikuwa akisikia kila neno, maana spika ilikuwa juu ya kichwa chake. Aliinua tu fagio kidogo, upande wa mferejini, kama mtu anayeitikia salamu, na akaanza kugawa. Tulisikia mtu akipenga kamasi kwenye spika zote za Bosco Tondo, na hapo ndipo Edda alipozima mitambo. Ottorino ameshatoa maelezo rasmi kwamba ulikuwa moshi. Moshi jioni ile ulielekea mtoni, upande wa pili kabisa, na kila mtu aliuona. Lakini kusoma moshi hakujawahi kuwa kipaji chake.

Alipanda mwisho, baada ya watoto wote kupata chao, masharubu hana, shali imeteleza begani. Wakampigia makofi. Safari hii hakuinama kuyapokea. Alijipanga kwenye foleni nyuma ya msichana wa kofia nyekundu, zamu yake ilipofika akanyoosha mkono, na Nives akampa makaa.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Kwa kuchelewa kushuka."

Aliyatafuna yote pale pale na kusema sukari imezidi. Bwana Solari aliteremka jukwaani, akala kipande cha pinza akiwa amesimama, na kutamka kwamba mwakani siku ya sita tutafungua. Akaongeza kwamba pengine Befana wawili wenye kipaza sauti wangevutia watu zaidi. Nives alimtazama hadi akaomba kipande cha pili.

Kwa hiyo, Ottorino, hizi ndizo shukrani zetu. Karakana inakushukuru kwa breki zilizoshika kila zilipotakiwa kushika. Wauguzi, madereva na wahudumu, ambao majina yao hatuyajui, wanakushukuru kwa siku moja ambayo hakuna aliyewaharakisha. Tunamshukuru Dirce kwa kutuazima mumewe kila Januari, na tunamrudishia akiwa hajanyolewa. Vazi la turubai tumelitundika kwenye kibanda cha peremende. Nives anasema linanuka grisi, na amekataa lifuliwe.

Tarehe sita Januari ijayo, njoo kupitia getini kama mgeni, uje na wajukuu, upande farasi mweupe. Mhimili haulii, uliunyamazisha mwenyewe. Tunakutakia afya, magoti yenye huruma, na miaka mirefu ya kuzunguka upendavyo. Umeshuka ulipotakiwa kushuka, mzee wetu. Sasa nyuma yako hakuna anayesubiri.